Barua Ambazo Babu Hakuzigusa

Juzi lori langu liliharibika Nyololo, pale barabara ya Mufindi inapochepuka. Nina fundi wangu na madereva wanne, ningeweza kubaki nyumbani. Lakini mtu aliyeishia darasa la nne akamiliki malori hajui kukaa. Basi nikawa pale, nimeketi kwenye jiwe, natazama njia iendayo kwenye mashamba ya chai, uchovu ukanishika usio wa safari. Nilimkumbuka baba yangu mdogo.

Miaka ile ya hamsini, sisi tukiwa Rungwe, yeye alikuwa kibarua wa chai huko Mufindi. Mchumba wake alikuwa muuguzi wa jeshi, mwanamke wa sare, kapelekwa Kenya kwenye vita vya msituni. Ng'ombe wawili wa mahari walikuwa wameshatolewa, kwa hiyo tayari alikuwa mkwe wa babu yangu, baba wa baba mdogo. Na kama hukukulia kwetu, rafiki yangu, nikueleze: mkwe wa kike na baba wa mume hawakuruhusiwa kuonana. Akisikia sauti ya mzee, anajitupa kwenye migomba. Alichokishika yeye, mzee hakigusi.

Sasa barua zake zilipitia misheni kwa jina la babu, mzee wa kanisa, maana anwani nyingine hakuwa nayo. Ya kwanza babu aliipokea baada ya ibada, akasoma jina nyuma ya bahasha, akaiachia majanini kama kaa la moto.

"Wewe mtoto huna ukwe na mtu," aliniambia. "Ipeleke nyumbani kwa baba yako mdogo. Akirudi ataikuta."

Bibi alikuwa anamenya ndizi. "Si umwandikie kijana aje aichukue?"

"Nimwandikie nini? Kwamba nimemsikia mke wake anaongea?"

Bibi akacheka, akaendelea kumenya.

Hiyo na zilizofuata nilizifungua, nikazisoma. Darasa zima mimi ndiye niliyesoma bila kufuatisha kidole. Katika ya kwanza alisema anafua bandeji huku anaikumbuka mvua ya kwetu, na kicheko cha baba mdogo. Ya pili ilisema: "Mkataba wangu unaisha, wananitaka miaka mitatu mingine. Ukisema rudi, narudi. Neno moja tu, kabla ya Pasaka."

Nilitaka kumwambia babu. Lakini kulitamka neno la mkwe mbele yake niliona ni sawa na kumleta mwenyewe amsimamie mzee usoni. Nikanyamaza. Pasaka ikaja, tukala wali wa mchele wa Chimala. Ya tatu ilikuwa fupi: "Kimya chako nimekielewa. Nimetia sahihi."

Baba mdogo alirudi wakati wa kuchuma kahawa. Alizisoma zote amesimama mlangoni. Hakugombana na babu. Utagombanaje na mtu aliyekuheshimia mke? Aliniita mimi.

"Ulizisoma, mwanangu?"

"Ndiyo, baba."

"Hata ya pili?"

"Hata ya pili."

"Haya," alisema, akachukua panga akaenda kuwakatia ng'ombe majani. Baadaye alimwandikia. Jibu halikuja.

Siku hizi mambo hayo yamekwisha. Mimi na mkwe wangu, mke wa mwanangu, tunakula meza moja, ananipakulia, anakitania kitambi changu. Watu wa rika langu tukikaa pamoja husema heshima imepotea, kisha hunigeukia niwaunge mkono, maana neno langu lina uzito. Mimi huwaagizia chai nyingine, kisha husema nimechoka.