Ndoana kwenye Gari la Moshi la Bwana Ndevu

Asmani wa Rumonge alizaliwa na baba Mmanyema aliyevuka ziwa, akashuka mtumbwini, akaapa hapandi tena. Yeye mwenyewe alifanya kazi moja tu maishani, kufua ndoana. Vyombo vyake vilikuwa nyundo, koleo, tupa na mdomo, na mdomo ndio uliofanya kazi kuliko vyote.

Mwalo wa Rumonge, ufuko wanakotua wavuvi, ulikuwa na desturi yake. Samaki mkubwa akitolewa ziwani, mtu hupaza sauti, "Ndoana ya nani?" Mwenye samaki hulitaja jina la fundi, na mwalo mzima ukalirudia. Fundi aliyetajwa hutembea kifua mbele siku kadhaa. Asmani alikuwa ametajwa mpaka akazoea vibaya.

Kisha mvuvi Athumani wa Minago akapoteza sangala mkubwa, akarudi akitangaza kwamba ndoana ya Asmani imeachia. Kwamba alikuwa akivuta kamba huku anasinzia, hilo hakulitangaza. Tangu hapo Asmani hakutajwa tena. Na balaa lilimkuta wakati mbaya, maana alikuwa ndiyo kwanza ameposa kwa Sikujua, mjane mkamua mawese, mwanamke asiyezungusha maneno.

"Fundi," Sikujua alimjibu, "watu banasema ndoana yako iko inaachia. Mimi nilishaachwa mara moja, na kifo. Safisha jina kwanza, ndiyo urudie."

Asmani alirudi kwenye kibanda chake cha uhunzi. Alimpenda yule mwanamke.

Siku hizo za utawala wa Wajerumani, kituo cha askari cha Rumonge kilisimamiwa na Mdachi mmoja ambaye jina lake liliwashinda watu, wakamwita Bwana Ndevu kwa sababu iliyoonekana toka mbali. Alikuwa na gari la moshi la kuchezea, dogo la kutosha mezani, lakini la mvuke kweli. Kichwa chake kilichemsha maji kwa spiriti na kupiga mluzi. Tatizo ni kwamba kichwa kilitoka duka moja la Ulaya na mabehewa duka jingine, na kulabu zao hazikupatana. Kila penye kona kichwa kilikwenda zake, mabehewa yakabaki yameduwaa. Na sikukuu ya kuzaliwa Kaizari ilikuwa inakaribia, na kapiteni kutoka Usumbura amealikwa.

"Fundi," Bwana Ndevu alisema kwa Kiswahili chake cha kambini, "hii kulabu mubaya. Inaachia. Wewe tengeneza ingine, hapana achia."

Neno lile lilimchoma Asmani pale pale penye kidonda. Alibeba mabehewa mpaka kibandani, akang'oa kulabu zote, akafua nyingine za waya mgumu. Na kila moja akaitia chembe, kile kijimwiba cha ndani kinachomzuia samaki asijichomoe. Kwake yeye, kutoa ndoana isiyo na chembe ilikuwa sawa na kutoka nje bila nguo. Kwamba behewa ni kitu cha kufungwa na kufunguliwa, hakuna aliyemwambia, naye hakuwahi kunasa kitu ili akiachie.

Alikabidhi kazi asubuhi ya sikukuu yenyewe. Meza ikatolewa uwanjani, reli ikapangwa, watu wakajaa. Gari likazunguka, mabehewa yote nyuma, kona zote. Asmani akaanza kutafuta kwa macho upande wa wanawake, aone kama Sikujua anaona.

Bwana Ndevu akalisimamisha gari ili amwonyeshe kapiteni jinsi behewa la mwisho linavyofunguliwa. Akavuta. Halikufunguka. Akainama achungulie, na kulabu ya mkiani ikazama ndevuni. Katika kuhangaika, kiwiko chake kikagonga kishikizo cha mvuke. Gari likapiga mluzi, likaondoka, na Bwana Ndevu akaondoka nalo, mgongo umepinda, akiizunguka meza kwa hatua fupi fupi. Askari wakadhani hiyo ndiyo heshima ya Kaizari, wakapiga saluti kila alipopita. Wazee wakapiga makofi. Mwishowe kapiteni akauzima moto kwa bia yake.

Asmani alikuwa tayari anarudi kinyumenyume kuelekea migombani. Ndipo Athumani, yule wa sangala, kwa mazoea tu ya mdomo, akapaza sauti.

"Ndoana ya nani?"

Sauti moja ikajibu, kisha uwanja mzima. "Ya Asmani!"

Miezi yote aliyoingojea sauti ile, hakudhani kwamba ikija atatamani kuitwa jina jingine.

"Kuja hapa," akasema Bwana Ndevu, mabehewa yakining'inia kidevuni.

Asmani akaenda. Akajaribu kuvuta taratibu, mwenye ndevu akanguruma. "Bwana," akasema kwa unyenyekevu, "hii haitoki kwa nyuma. Samaki, tunamukataka mudomo."

Kapiteni akacheka mpaka akashika meza, na mkubwa akishacheka, kiboko hakitolewi tena. Zikakatwa ndevu, mdomo ukaachwa. Asmani akaamriwa akae pale pale uwanjani asage chembe zote kwa tupa, watu wakimtazama.

Alikuwa akisaga kwa aibu alipoona miguu ya Sikujua mbele yake.

"Ulisikia nani alijibu wa kwanza?"

"Sikusikia. Nilikuwa natafuta njia ya kukimbia."

"Ni miye."

Asmani akaweka tupa chini. "Ungenipatisha kiboko, Sikujua."

"Najua. Lakini watu wote walikuwa hapa, wameona ndoana yako haiachii, na jina lilikuwa linangoja. Kesho tuma wazee kwa kaka yangu."

Kulabu iliyokuwa mkononi mwake, Asmani aliisahau bila kuisaga. Bwana Ndevu aliigundua baadaye, kwa kidole gumba, lakini wakati huo Asmani na Sikujua walikuwa mbali, kijijini Kigwena, wanakula pilau ya harusi yao.