Marando ya Mama

Nisameheni kwa mwandiko wangu na kwa herufi nilizokosea. Niliishia darasa la nne, na mkono wangu huandika polepole.

Tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa, mama alibeba marando ya viazi vitamu ndani ya gunia bichi. Viazi vile hatukuvipanda kwa mbegu. Unakata kipande cha rando, unakifukia, nacho kinaota kuwa kiazi kile kile. Lakini rando likikauka, basi. Nyumbani kwetu kwa zamani mama aliyatunza kiangazi chote nyuma ya bafu, yakinywa maji tuliyoogea.

Kijiji kipya hakikuwa na kisima karibu. Tulirudi na ndoo tukiwa hoi, tukanawa uso na miguu tu. Marando yakakauka tukiyaangalia.

"Nenda Kintinku kwa shangazi yako," mama alisema. "Nilimpa marando haya alipoolewa."

Mama na wifi yake walikuwa hawasemezani tangu msiba wa bibi. Nami kuomba kitu ni kazi ngumu kwangu. Lakini mvua zilikaribia, na viazi vile, tukishavikausha, ndivyo vilivyotuvusha miezi ya njaa. Nikaenda kwa miguu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mama yako amekatika miguu?"

Nikatazama chini.

"Akatuma asiye na mdomo!"

"Marando yamekauka," nikasema.

Alichukua kisu, akaenda bondeni, akakata mzigo mzima.

"Haya ni yale yale ya mama yako. Sijapanda mengine. Mwambie wifi yangu, viazi vyake vimekaa kwangu miaka yote bila ugomvi. Yeye anashindwa nini?"

Niliyafikisha maneno hayo jioni, mabega yakiniuma. Mama hakuinua kichwa. Alikuwa anafukia vipande.

"Amekonda?"

"Hapana."

"Yule hajawahi kukonda."

Viazi vilipokomaa, mama alijaza kapu akaenda Kintinku mwenyewe. Sijui walisema nini. Alirudi amechoka, akavua kitenge, akalala bila kula. Ndani ya kapu mlikuwa na mtama wa shangazi.

Ninyi mliohama kama sisi, mbegu zenu nani aliwatunzia? Niandikieni. Herufi ziwe kubwa, maana nasoma kama ninavyoandika.