Talaka ya Mzee Faki

Siku yangu ya kwanza ya ukarani, mahakamani Chake Chake, karani mkuu alinipa kalamu, wino na onyo moja: "Andika lililosemwa. Uliloliona liweke kwako." Nililishika onyo lile mpaka nastaafu, na sasa limenichosha. Basi nyinyi makarani vijana, mnaoandika kwa mashine, nisikilizeni kidogo.

Mengi ya siku zile nayaona kama mtu aliyezinduka usingizi wa mchana. Karafuu zimeanikwa majamvini, harufu yaingia dirishani, sauti zaja na kupotea. Lakini kesi ya kijiji cha Wawi naikumbuka yote. Mwanamume alimpiga mkewe kwa mchi, akafa pale pale jikoni. Jaji alikuja kutoka Unguja, akakaa na wazee wa baraza, yaani raia wa kutoa maoni kabla ya hukumu. Ule mchi ulilala mezani kwangu siku zote za kesi, umefungwa kikaratasi cha kielelezo, nami nikiogopa hata kuugusa. Mume alihukumiwa kunyongwa. Akabaki mtoto wao, Raya, wa miaka minne.

Baadaye nilihamishiwa kwa kadhi, na habari ya Raya ikanifuata huko. Hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto, ilidaiwa na bibi zake wawili. Mama wa muuaji aliishi nyumba ile ile ya mauaji. Bi Mize, mama wa marehemu, alisema mtoto akipitishwa karibu na jiko lile hujikojolea.

Kadhi alivua miwani. "Bi Mize, sheria yanibana. Wa mwanzo ni wewe. Lakini umeolewa na mtu asiye jamaa wa mtoto, na hilo limekuondolea haki."

Mumewe, Mzee Faki, alikuwa amekaa mlangoni. "Na akiwa hana mume, Shehe?"

"Haki humrudia."

Akanigeukia miye. "Basi andika, mwanangu. Talaka moja. Sina ugomvi naye."

"Faki," Bi Mize akasema polepole, "utakula wapi weye?"

"Kwa dada."

Nikaandika. Niliichukia kazi yangu siku ile, nasema kweli. Jalada halisemi kwamba Mzee Faki alipotoka alikosea mlango, Bi Mize akamshika mkono kumwelekeza, kisha akakumbuka, akauachia.

Raya akalelewa na Bi Mize. Kila asubuhi nikienda kazini nilimwona Mzee Faki akiweka kikapu cha muhogo nje ya mlango wao. Hupiga hodi, hutoa salamu, huenda zake. Hakuingia. Miaka ikapita hivyo hivyo, mpaka nikaona ni sehemu ya asubuhi yenyewe.

Wiki yangu ya mwisho kazini Raya aliingia ofisini, mwanamke mzima aliyekwisha kuolewa, kamshika mkono Mzee Faki kwa kuwa macho yamekwisha. Nyuma yao Bi Mize, kajitanda buibui jipya.

"Nimeshakua, Shehe," Raya akamwambia kadhi. "Nakuomba umrudishie bibi mumewe."

Eda ilikwisha zamani, ikabidi ndoa mpya; kadhi akauliza mahari ni nini. Bi Mize akakitazama kikapu alichobeba mzee.

"Hicho hicho. Lakini leo akiingize ndani mwenyewe."

Nikaandika: mahari, kikapu kimoja cha muhogo. Kisha nikaweka kalamu chini, nikalia mbele ya watu, karani mzima.