Maji ya Waridi ya Dada

Kwenye duka la dobi alikofanya kazi walimwita Mama Pua, na hakuchukia, kwa sababu pua ile ilikuwa imeokoa duka mara nyingi. Kijikaratasi cha namba kikichomoka kwenye shati chafu, wenzake walihaha huku na huko. Yeye alilisogeza shati usoni, akavuta pumzi moja, akasema, "La mwalimu wa hesabu. Anavuta sigara na mkewe hajui." Na kweli lilikuwa la mwalimu wa hesabu. Wateja wengine walianza kuleta nguo zao zikiwa zimeshafuliwa nusu, kwa aibu ya kusomwa maisha yao na mama yule mfupi mwenye aproni.

Kisha, miezi ya baridi, akaangushwa na mafua mabaya. Alilala, akatoka jasho, akapona, akaamka siku moja na kukuta chai ni maji ya moto tu. Sabuni haikuwa na tofauti na jiwe. Akajiambia pua itarudi. Alingoja, akajifukiza, akapiga chafya za makusudi, wapi! Hakumwambia mtu. Mtu aliyeitwa Mama Pua atoke mbele za watu aseme nini? Kazini akawa anakagua kola na vifungo kwa siri, na akikosea anamsingizia mpiga pasi, ambaye ni mpole na hajui kujitetea. Hilo lilikuwa baya, na alijua ni baya.

Lakini kazi siyo iliyomnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi ni bati.

Lilikuwa bati la biskuti, la mviringo, rangi imeshabanduka. Familia nzima waliliita "hospitali". Aliyelianzisha ni dada yake, tangu watoto wao wakiwa wadogo, wakati walipokuwa wakienda ziwani pamoja kila msimu wa joto. Dada hakuamini dawa za dukani. Alisema dawa ya kiwandani haikujui wewe ni nani. Kwa hiyo ndani ya hospitali ile mlikuwa na asali ya kupaka penye moto, mshubiri kwa waliochomwa na jua, siki kwa wadudu, karafuu kwa jino, tangawizi kavu kwa wanaotapika safarini, mafuta ya mkaratusi kwa kifua na kwa mbu, kibanio cha miiba, na vitambaa vya pamba vilivyochemshwa. Hakuna chupa iliyoandikwa jina. Ukitaka kujua ni nini, fungua, nusa.

Na mlikuwa na chupa ya kijani ya maji ya waridi, ya kuosha macho yakiingia vumbi. Dada aliyapika mwenyewe, akayaacha na majani machache ya ua ndani yake. Chupa hiyo ilikuwa na sharti lake: isikauke na isioshwe. Kabla haijaisha unapika mengine, unaongezea juu. Ya zamani yanayafundisha mapya kazi, ndivyo dada alivyopenda kusema, na kidole juu.

Dada alifariki ghafla, akiwa anaanika nguo, kibanio cha kamba bado kiko mdomoni. Mama Pua akarithi bati, akawa anaongezea juu kama alivyofundishwa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kama chupa haijawahi kukauka, basi ndani yake bado mna maji yaliyopikwa na mkono wa dada. Na kila alipoifungua, pamoja na waridi alitoka dada mwenyewe, na karafuu zake alizozoea kutafuna, na mafuta yake ya nywele. Utasema ni mawazo tu. Sema. Wewe hukuwepo. Alikuwa akifungua kizibo, anakaa kwenye kigoda cha jikoni, anamweleza dada habari za nyumbani mpaka anaridhika.

Baada ya mafua akaifungua, na hapakuwa na mtu.

Alifungua kesho yake, na keshokutwa. Hakuna. Ilikuwa kama kufiwa mara ya pili, na safari hii bila watu wa kuja kumpa pole. Kibaya zaidi, dada alianza kuonekana kwingine. Siyo kuonekana hasa. Mama Pua angekuwa anakatakata kitunguu akahisi mtu amesimama nyuma ya mlango wa jikoni. Akigeuka, mlango tu. Akipita kwenye ujia, mtu yuko nyuma yake hatua moja, kimya. Na huo ukimya aliujua vizuri. Dada enzi za uhai wake akinuna, hakukwepi. Anakufuata chumba hadi chumba asiseme neno, uone vizuri kwamba amenuna. "Nimekukosea nini?" Mama Pua aliuliza mara moja kwa sauti, ungo mkononi. Aliogopa, na aliona haya kuogopa damu yake mwenyewe.

Basi shule zikafungwa, joto likapamba moto, na binti yake akaja na mumewe na mtoto ili kesho yake waende ziwani wote. Mtoto alikuwa wa miaka minne, wakimwita Kasuku, maana neno halimpiti bila kulirudia. Mama Pua akashusha bati, akalipanga juu ya meza ya jikoni.

Ulimi ukachukua zamu ya pua. Aliweka tone la siki kwenye ncha ya ulimi, likamkunja uso: siki. Karafuu ikamtia ganzi. Mafuta ya mkaratusi yalimchoma, akayatema kwenye sinki upesi. Asali haihitaji shahada. Akaanza kujiona mjanja. Kisha akafika kwenye chupa ya kijani. Akaonja: maji. Lakini maji ya waridi hayajawahi kuwa na ladha ya kueleweka. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Yalikuwa na ukungu kidogo. "Ya kupika nyumbani yaling'aa lini?" alijisemea, akayafunga, akayaweka mahali pake katikati ya vitambaa. Nyuma ya mlango mtu akasimama. Hakugeuka.

Mkwe wake, fundi wa simu, alichungulia na kimfuko cha dukani. "Mama, nimenunua plasta na dawa ya vidonda. Nitie humo?"

"Tia garini kwako. Humu hamna nafasi."

"Mama, humo mtoto anaweza kulala akajinyoosha."

"Haya, plasta tu. Ziweke chini kabisa, zisigombane na asali."

Mkwe akacheka, akaziweka chini kabisa, akatoka kwenda kupanga viti garini.

Kasuku alikuwa amekaa sakafuni na mkoba wa ziwani wa mwaka jana. Aliukamata kitako, akaupindua juu ya kichwa chake aone kilichomo, na mchanga wote wa mwaka jana ukamwagika usoni. Kilio kikapanda.

"Usisugue! Usisugue, mama. Njoo kwa Bibi." Mama Pua akamwinua, akamkalisha mezani. Moyo wake hata ulifurahi kidogo: hospitali imepata mgonjwa kabla ya safari. Akafungua chupa ya kijani, akalowesha kitambaa mpaka kikatota. "Angalia juu. Bibi atakudondoshea kidogo tu."

Mtoto akarudisha kichwa nyuma. "Sitaki! Inanuka!"

"Hii ni waridi, Kasuku. Waridi hainuki."

"Inanuka panya!"

"Hebu acha maneno. Fumbua jicho." Akamshika kidevu kwa mkono mmoja, kwa nguvu ya bibi asiyetaka mchezo, na wa pili ukasogea na kitambaa kinachodondoka.

Binti yake alitokea mlangoni amebeba mataulo. Akasimama ghafla, akaziba pua. "Mungu wangu! Nini kimekufa humu ndani?" Kisha akaona kitambaa, akaona jicho la mwanawe lililo wazi, akatupa mataulo na kumdaka mama yake kiganja. Tone lilianguka shavuni mwa mtoto, karibu kabisa na jicho. Akalifuta kwa upindo wa nguo yake, akamchukua mwanawe, akamwosha macho kwa maji safi ya kunywa, tena na tena. Macho yakawa mekundu, lakini yakafunguka, na yakaanza kuuliza biskuti. Binti akamkabidhi kwa baba yake nje, akarudi.

"Mama, hukuisikia harufu ile?"

"Kidogo."

"Kidogo? Mama, kidogo?"

Mama Pua akaangalia vidole vyake. "Sisikii harufu yoyote. Tangu yale mafua."

Binti akavuta kigoda akakaa. "Ndiyo maana ile siku mchuzi uliungua ukatupakulia."

"Mlikula."

"Tulikula kwa heshima, Mama."

Wangecheka, lakini hewa ya jikoni haikuruhusu. Binti akanyoosha mkono kuichukua chupa.

"Usiiguse!"

"Imeoza."

"Humo mna mama yako mkubwa." Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto. "Haijakauka hata siku moja. Amebaki humo tu, sina mahali pengine pa kumpata. Ukimwaga, umemmwaga."

Binti hakumcheka. Akasema taratibu, "Ulikuwa unataka kumtia Kasuku machoni."

"Najua."

"Mama Mkubwa angekuwa hapa angekukaripia mpaka majirani watoke nje."

Ndipo Mama Pua akainua uso kuangalia mlango. Mtu alikuwa palepale, kimya, kama siku zote hizi. Mwili ukamsisimka kwa sababu aliona jambo alilopaswa kuliona zamani. Labda dada hakuwa amenuna. Labda amekuwa akimkaripia tangu majani yalipoanza kuoza, akimpigia kelele kwa njia pekee aliyobakiwa nayo, na aliyekuwa na pua ya kumsikia ni mtoto wa miaka minne, naye akashikwa kidevu akaambiwa aache maneno. Aliona tena tone lile na jicho lile. Alimpenda dada kuliko alivyompenda mume, hilo hakulificha. Lakini alikuwa nusura ampofushe mtoto kwa upendo huo.

"Nenda kwa mwanao," alisema. "Nitaimwaga mwenyewe."

"Nikusaidie?"

"Hutaiweza. Nenda."

Binti alijaribu kubaki. Kizibo kilipotoka tena alikimbilia uani. Mkwe naye akasikika akisema, "Loo!" na kufunga vioo vya gari kwa haraka. Nyumba nzima ikawa tupu. Aliyeweza kukaa humo ni yeye peke yake, kwa hiyo hakuna aliyemharakisha.

Aliinamisha chupa juu ya sinki, akamwaga polepole sana. Maji yalitoka, kisha utelezi, kisha majani yaliyokuwa meusi, moja moja, yakigoma shingoni. Alingoja kila moja. Lilipotoka la mwisho, aliitikisa chupa, akasikia kwamba ni tupu.

Hakuiosha papo hapo. Aliipeleka puani, akafumba macho, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote, akavuta tena. Kisha akafungulia bomba.