Raba za Shangazi Zuhura

Nakumbuka siku moja ya bamvua, maji yamekupwa mpaka mwamba wetu wa kisiwa cha Juani umebaki mtupu, nikirudi kuvua pweza na shangazi yangu Zuhura. Nilikuwa mwanamwali, namfuata nyuma na kapu. Tulipofika mchangani nikaona kila anapokanyaga mguu wa kulia panabaki damu.

"Shangazi, umechomwa!"

Akainua wayo, akautazama kama wa mtu mwingine. Kipande cha gamba la kombe kilikuwa kimezama nyamani, naye ametembea nacho njia nzima bila kuchechemea. Mwanangu, mimi nilifurahi! Wenzetu walipotukuta nikawatangazia kwamba shangazi yangu chuma, hasikii maumivu. Wakamsifu, maana kwetu mwanamke wa mwambani husifiwa kwa nyayo ngumu. Anayefuata pweza na viatu huchekwa mpaka nyumbani kwake.

Yeye hakucheka. Alinivuta kando, akanikalisha. "Usinisifie ugonjwa, mwanangu. Mguu usiosikia si jasiri. Huu umeanza kufa nami ni hai."

Alikuwa na kisukari miaka mingi. Wengi wetu tulidhani sukari ni ugonjwa wa kukojoa mara kwa mara na kunyimwa halua, basi. Nesi wa hospitali ya Kilindoni alikuwa amemweleza zaidi ya hapo, naye akanieleza palepale mchangani. Sukari ikizidi kwenye damu mwaka baada ya mwaka, huila mishipa polepole, kama kutu inavyokula misumari ya chombo ambacho nje rangi bado inang'aa. Mishipa ya fahamu ya miguuni ikiharibika, mtu hukanyaga moto asijue. Damu nayo haifiki vizuri, kidonda hakifungi, na ndivyo watu wanavyokatwa miguu. Mishipa midogo kama hiyo iko machoni, iko kwenye figo, na ile mikubwa inalisha moyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kiko ndani zaidi ya nguo.

Nilitaka kumchemshia maji ya kukanda, kama desturi yetu kwa aliyechomwa baharini. Akanikataza. "Mguu huu utaiva nami nisijue."

Akaufunga kwa kanga safi, pweza tukawaachia jirani, akavuka kwa mashua siku ileile hadi Utende na kupanda gari kwenda hospitali. Kidonda kilichelewa kupona. Bamvua zilikuja zikapita yeye yuko barazani anasuka ukili wa mikeka, na kila bandeji ilipofunguliwa roho zetu zilikuwa juu. Bila mguu ule asingerudi mwambani, na mwambani ndiko alikokuwa Zuhura hasa.

Alipona. Siku aliyorudi alivaa raba za shule, ametoboa matundu maji yatoke. Wanawake walishika mbavu.

"Mwanafunzi huyo! Wahi bibi, kengele imeshalia!"

"Nimechelewa kuanza," akajibu, "niacheni nisome."

Na pweza akapata, tena wakubwa. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Tangu hapo, kila alipotawadha na kupitisha kidole baina ya vidole vya miguu, alitazama. Kisha alifuta pakauke, akageuza nyayo mbele ya kioo chake cha tangu harusi, akitafuta mchubuko ambao mguu wenyewe usingemwambia. Dawa hakuacha. Akialikwa chai husema mapema, "Yangu msitie sukari, na msininunie." Macho aliyapeleka kupimwa angali anatunga uzi kwenye sindano bila msaada. Mimi nimeona watu wenye nguvu, mwanangu, manahodha na wapagazi, lakini sijaona nguvu kama ya mtu anayefanya jambo dogo kila siku bila kusukumwa na maumivu.

Uzee ulipomchukua, nilikuwa miongoni mwa tuliomwosha. Nilipofika miguuni, mkono wangu ulipita wenyewe baina ya vidole, nikageuza wayo mmoja, kisha wa pili, nikitafuta jeraha. Sikuona ila kovu lile la kombe. Nililia, nikasema Alhamdulillahi. Tulimzika na miguu yake yote miwili.

Sasa wewe umetoka hospitali na habari ileile, umekaa hapa unaniuliza, "Mama, mbona siumwi popote?" Hilo ndilo linalonitisha. Sukari haipigi hodi. Usingoje maumivu yakupe ruhusa ya kujitunza. Meza dawa zako hata siku unayojisikia mzima, punguza utamu na wanga, tembea, pima sukari na presha, macho na figo vikaguliwe kabla havijalalamika. Ramadhani ikikaribia, muulize daktari kwanza kama ufunge na vipi. Miguu yako itazame kila siku, na ukiona kidonda, hata kidogo, usikifiche. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wazee, na kwa ugonjwa huu hawakutania.

Raba nimekununulia, zile pale mlangoni. Wakikucheka, waambie umechelewa kuanza.

Mwenyezi Mungu akuachie nuru ya macho uwaone wajukuu, akupe subira ya Zuhura, na siku yako ikifika, baada ya umri mrefu wenye heri, watakaokuosha wazikute nyayo zako nzima.