Mkono wa Kushoto wa Verlene

Asubuhi ile Verlene alikuwa anapiga pasi glavu zake nyeupe. Nilimwambia neno nililomwambia kila Jumamosi: "Hizo glavu hazina kunjo hata moja." Naye akanijibu kama kila Jumamosi: "Na wewe huna macho."

Akaniwekea uji mzito wa mahindi, siagi juu yake, na mayai. Chumvi akaninyima. Daktari alikuwa amenikataza, na mke wangu alimtii daktari wangu kuliko nilivyomtii mimi.

"Hiki chakula cha wafungwa," nikasema.

"Wafungwa wanapewa chumvi, Roscoe. Kula."

Nikala. Yeye akaziweka glavu juu ya kiti, moja juu ya mwenzake, za Jumapili. Nikatoka nyuma ya nyumba kumwagilia nyanya zangu.

Ndiyo ilikuwa asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida. Aliishi mpaka majani yakaanguka, lakini asubuhi zote zilizobaki zilikuwa za kesi.

Naandika kwa sababu gazeti la mji wetu liliandika mistari michache tu juu yake na jina likalikosea. Wakamwita Darlene. Mke wangu alikuwa Verlene Pettiford. Alizaliwa Mississippi, akaletwa hapa Ohio na mama yake akiwa bado anabebwa. Alifua mashuka ya hospitali mpaka alipostaafu. Watoto hatukujaliwa. Alicheka kwa sauti kubwa, na aliendesha gari vibaya sana.

Lakini ukiuliza mtaani Verlene ni nani, hawatakutajia mashuka. Watakwambia ni yule wa mlangoni pale Nebo, kanisa letu la Kibaptisti. Yeye ndiye aliyekupokea, akakuonyesha pa kukaa, akakuletea maji ukizidiwa na kilio. Watu wa mlangoni kwetu hawaongei wakati wa ibada. Wanaongea kwa mikono. Mkono wa kulia ndio unaosema: njoo, ngoja, nafasi mbili mbele. Wa kushoto unakunjwa ngumi na kuwekwa nyuma ya mgongo, kiunoni, na unakaa huko mpaka zamu iishe.

Mama yake ndiye aliyemfundisha, na alimfundisha kwa ukali. Alimwekea karanga kwenye kiganja hicho cha nyuma. Ibada ikiisha, karanga iwepo. Kama haipo, Jumapili ijayo unakaa na watoto wadogo.

Basi mkono ule ukazoea. Verlene akisimama mahali akatulia, wa kushoto unarudi nyuma wenyewe. Kwenye foleni ya dukani. Kituo cha basi. Kwenye picha yetu ya harusi mkono wa kushoto hauonekani. Shemeji yangu aliwahi kuniuliza, "Roscoe, ulioa mke mwenye mkono mmoja?" Nikamwambia, "Mmoja unanitosha. Hujaonja kofi lake."

Sasa niseme habari ya mtaa wetu.

Kwetu polisi wakimsimamisha mtu, tunatoka. Hatupigi kelele, hatutupi kitu. Tunatoka vibarazani na kusimama mpaka yaishe. Desturi hii ilianza baada ya Curtis, mtoto wa jirani yetu Bi Mozelle. Curtis alisimamishwa siku ya fainali ya mpira, mtaa wote uko ndani mbele ya televisheni. Yaliyompata tunayajua kwa maneno ya polisi tu. Yeye hakubaki kusema yake.

Mtu asidhani Verlene aliwachukia polisi. Hakuna mtu mtaani aliyewapigia simu kuliko yeye. Risasi zikilia pale kona, yeye huyo na simu. Wakichelewa, anapiga tena kuwagombeza. "Mnakuja kwa farasi?" Aliwataka. Alitaka waje, na alitaka wanachofanya kionekane. Kwake hayo hayakugombana.

Jumamosi ile walimsimamisha Dontrell, mtoto wa Curtis, mbele ya nyumba yetu. Ni kijana mkubwa, anasambaza vifurushi vya watu. Taa ya nyuma ya gari lake haikuwaka. Bibi yake, Bi Mozelle, hakuwepo nyumbani.

Mimi nilikuwa kwenye nyanya. Sikio langu moja lilibaki kiwandani, kwenye tanuru za chuma, na lile jingine linasikia linachotaka. Niliposikia, nilisikia kelele. Nikazunguka nyumba na miguu hii yangu. Verlene alikuwa chini, uso kwenye saruji ya njia ya watu, na askari mmoja kijana amemkandamiza kwa goti mgongoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekaa vibaya.

"Huyo ni mke wangu!" nikasema.

"Rudi nyuma, mzee! Rudi nyuma!"

Nikarudi nyuma. Wakamtia pingu, wakaondoka naye.

Dontrell alinieleza baadaye, machozi yanamtoka. "Mzee Roscoe, mimi mikono yangu ilikuwa juu ya usukani. Nilimwona Mama Vee anashuka kibarazani. Akasimama pale njiani, mbali na gari, kama anavyosimama kanisani."

"Vipi kama kanisani?"

"Hivyo hivyo, mzee. Mkono nyuma."

Nikaelewa kabla hajamaliza. Askari aligeuka akamwona mtu amesimama, mkono mmoja hauonekani. Akapaza sauti: onyesha mkono. Verlene alikuwa anasema kitu. Dontrell alikuwa amefunga vioo, hakusikia ni nini. Askari akapaza tena. Verlene akaanza kuutoa mkono polepole, kwa adabu, kama anavyoutoa zamu ikiisha. Ule upole ndio uliomtisha yule kijana.

Mkono ulivunjika kifundo. Walimrudisha jioni na bandeji, na shtaka la kumzuia askari kufanya kazi yake. Polisi walisema alificha mkono, alikataa amri, na alitoa maneno ya vitisho.

Maneno ya vitisho. Nimeishi na mwanamke yule tangu tukiwa vijana. Nilimuuliza, "Vee, ulimwambia nini?"

"Sikumbuki vizuri. Niliangukia kichwa. Lakini mimi simtukani mtoto wa mtu."

Jumapili akaenda Nebo na mkono umefungwa plasta ngumu mpaka kiwikoni. Glavu haikuingia. Mchungaji akamwambia kwa upole apumzike. Akaketi kwenye benchi pembeni yangu. Hakujua afanye nini na mikono. Kila mtu aliyeingia amechelewa, yeye ananyanyuka kidogo, halafu anakaa.

Mahakama ilimpa wakili wa bure, binti mwembamba aitwaye Ostrow, anayetembea haraka na mafaili kifuani. Siku ya kwanza mahakamani alituita kwenye korido.

"Mwendesha mashtaka ana pendekezo," akasema. "Mama akikiri kosa, ni faini ndogo na darasa la Jumamosi moja. Leo hii mnaenda nyumbani."

"Darasa la nini?" Verlene akauliza.

"La kutii amri za askari."

Verlene akacheka kile kicheko chake. Watu wakageuka koridoni.

Mimi sikucheka. Daktari alikuwa ameshanieleza habari za moyo wake. Nikamshika bega. "Vee, sema ndiyo twende zetu. Nani atajali? Sisi wazee."

"Nikisema ndiyo, nimesema nini?"

"Umesema neno tu."

"Nimesema kusimama ni kosa. Halafu Mozelle akitoka kesho kibarazani kwake, watamwambia, mwenzako mwenyewe alikiri." Akanitazama. "Na ningependa kujua nilisema nini, Roscoe. Wanasema nilitisha. Kama nilitisha nitakiri mwenyewe, bila kubembelezwa."

"Yule askari alikuwa na kamera kifuani," Ostrow akasema. "Nimeomba picha za video. Wanachelewesha."

"Basi tusubiri picha," Verlene akasema.

Hakimu alipomuuliza, alisimama wima na plasta yake, akajaribu kuirudisha nyuma ya mgongo. Haikufika. Akasema hana hatia. Wakampa tarehe ya mbali, karibu na Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja.

Majira ya joto yale yalikuwa ya kusubiri. Barua zikija anazipeleka kwa Ostrow. Picha hazikuja. Plasta ikatolewa, mkono ukabaki mgumu. Alifanya mazoezi jikoni, anaukunja, anausukuma nyuma, anauma meno. Nilimwambia apumzike. Akaniambia nile.

Mtaani watu waliendelea kutoka vibarazani, lakini niliona kitu. Walisimama karibu zaidi na milango yao. Na wote walining'iniza mikono mbele, vidole wazi, kama watoto wanaokaguliwa kucha. Verlene naye aliona.

Alikufa mwezi wa kumi, asubuhi, akiwa amekaa kwenye kiti cha jikoni. Daktari alisema ni moyo. Sisemi zaidi ya alivyosema daktari.

Watu wa mlangoni wa Nebo walimzika kwa heshima yao. Walisimama safu mbili, nyeupe tupu, mkono wa kushoto nyuma. Nilimvisha glavu mwenyewe. Ya kushoto ilinichukua muda.

Tarehe ya kesi ilipofika, nikavaa suti nikaenda. Bi Mozelle aliniambia, "Unaenda kufanya nini? Mtu amekufa, Roscoe." Nikamwambia naenda kusikia wanamwita jina. Akachukua koti lake, akaja nami.

Wakamwita. Ostrow akasimama, akasema mshtakiwa amefariki. Hakimu akaandika kitu, akasema kesi imefutwa.

Nikasimama. "Mheshimiwa, naomba kuuliza."

"Wewe ni nani?"

"Mume wake."

Akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. "Pole sana, mzee. Uliza."

"Imefutwa kwa kuwa hakukosa?"

"Imefutwa kwa kuwa mahakama haiwezi kumhukumu mtu aliyekufa."

"Kwa hiyo ana hatia au hana?"

"Si moja wala si lingine, mzee. Imefungwa tu."

"Na yule askari aliyesema alitisha?"

"Hilo haliko mbele yangu leo."

Nikabaki nimesimama. Kukaa sikuweza. Bi Mozelle akanivuta koti. Wakaita jina la mtu mwingine.

Koridoni Ostrow alitukimbilia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mzee Pettiford, picha zilifika juzi. Sikujua kama utataka kuziona."

"Zina sauti?"

"Zina sauti."

"Hapo anapoangushwa chini usinionyeshe. Nionyeshe anaposema."

Tukakaa kwenye benchi, sisi watatu, kompyuta kwenye magoti ya Ostrow. Akaongeza sauti mpaka mwisho kwa ajili ya sikio langu.

Nikaona gari la Dontrell. Nikaona kibaraza chetu, na ndoo yangu ya nyanya pembeni. Kamera ikageuka, na hapo yuko Verlene, amevaa aproni ya nyumbani, mbali na kila mtu, amenyooka kama yuko mlangoni Nebo. Mkono wa kulia kifuani. Wa kushoto nyuma.

Askari anasema, "Mama, unataka nini hapa?" Sauti yake inatetemeka. Ni mtoto kabisa.

Bi Mozelle akanishika mkono. Verlene hakupandisha sauti. Aliongea kama anavyoongea na mtu aliyechelewa ibada, asimwaibishe. Nikamwomba Ostrow arudie, akarudia, na nimeyaandika hapa kama yalivyo, kwa kuwa hakuna mahakama itakayoyasikia:

"Wewe fanya kazi yako, mwanangu. Mimi nasimama tu hapa mpaka nyote wawili mwende nyumbani kwenu."