Sala ya Mwenye Bombomu

Mume wangu aliporudi kutoka vitani ng'ambo ya mpaka, majirani walimkagua kama viungo vyake vimetimia. Mimi nilikuwa na kesi nyingine. Mtu huyu, ambaye zamani hakugusa hata chai kabla ya kuomba, alikuwa ameacha kusema Baba Yetu. Tukiianza tu, anainuka kwenda kuangalia kitu nje. Kwenye ploti yetu pale Kiganjo, nje kuna kamba za nguo na tangi la maji, sasa sijui alikuwa akiangalia nini kila siku.

Nilivumilia. Kisha binti yetu, ambaye ndio kwanza ameanza shule, akafunga mdomo katikati ya sala. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu, "Hata daddy hasemi." Hapo nikawaka. Subira sina, waulize wateja wa duka la chakula cha mifugo ninakouza Ruiru.

Jumamosi hiyo tulikuwa tukifua, yeye akikamua blanketi. Nilimuuliza bila kuzunguka. "Uliingia dini gani huko? Ama ni mwanamke?"

Akacheka kicheko kisicho na raha, akaanza kunieleza habari za bunduki yake. Kwa sababu ya mwili wake mkubwa alipewa bombomu. Ni ndugu mkubwa wa bunduki waliyobeba wenzake: mtambo ule ule, risasi zile zile, ila mtutu ni mrefu na mzito, na mbele ina miguu miwili ya kuisimamisha chini mpigaji akilala kifudifudi. Kazi yake ni kumwaga risasi mfululizo. Shida ni kwamba mtutu wenyewe haubadilishwi pale vitani, na ukipata moto sana umeharibika.

"So huwezi finya trigger tu ukiendelea," alisema. "Kwa training walituambia tutafute maneno mafupi. Unayasema ukifinya, unaachilia, unayasema tena. Wengine walitumia jina la girlfriend. Mimi nikachukua Baba Yetu."

Alifinya kwenye "Baba yetu", akaachilia kwenye "uliye mbinguni". Aliona ni njia ya kumweka Mungu karibu. Mazoezini walilenga mbao, na mambo yalienda vizuri. Halafu ikafika siku ambayo hazikuwa mbao.

"Sasa mtoto akianza kuomba, kidole kinajikunja chenyewe. Naona vile walikuwa wanaanguka. Na chakula iko hapo mezani."

Nasema ukweli, sikuanza kwa kumhurumia. Niliogopa. Nilikitazama kile kidole kwenye blanketi la mtoto wangu, nikatamani kumnyang'anya.

Jumapili, baada ya ibada, mama yake alikuja kutoka Landless na mfuko wa maparachichi. Kwa wiki kadhaa alikuwa akitishia kumleta pasta amkemee mwanawe. Nilimwahi jikoni. "Cucu, sikia hii kwanza," nikamwambia, maana namwita nyanya kama mtoto anavyomwita. Nikamweleza yote. "Ngai!" akasema, akakaa juu ya kreti. Kisha akajifuta mikono kwa leso, akaenda moja kwa moja mezani.

"Kaa chini," alimwamuru mwanawe. "Leo tunaomba na Kikuyu, vile nilikufundisha ukiwa mdogo."

Hakuna risasi iliyowahi kupigwa kwa maneno hayo. Nilimvulia kofia yule mama, jambo nisilolifanya mara nyingi. Mume wangu akaanza kumfuata polepole, viganja vyote viwili vimelala mezani. Mtoto alimkodolea macho mdomoni. Nilifurahi, hata nikaanza kuwaza kwamba ugali utapoa.

Wakafika pale pa kusamehewa makosa yetu kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea. Akaacha kumfuata. Mama akarudia mstari, taratibu. Wapi.

"Maitu," alimwambia mama yake, "kwani wale watu walikuwa wamenikosea nini?"

Mama mkwe wangu ana jibu la kila kitu chini ya jua. Safari hii alivuta mfuko wake wa maparachichi, akaanza kumenya moja. Mtoto akatuangalia mmoja mmoja, akingoja mtu mkubwa amalizie. Nikachukua mwiko, nikaanza kupakua, na tukala bila amina.